Chagua Chuo Utakachokimaliza

Hotuba kwa wahitimu wa kidato cha sita na wazazi wao, Iringa

Kamwene!

Wazazi na walezi, walimu wenzangu, na ninyi vijana wangu ambao mwezi wa tano tu mlikuwa bado kwenye sare za shule, asanteni kwa kuja. Najua Jumamosi ni siku ya soko, na wengine mmefunga genge ili mfike hapa. Nitajitahidi muda wenu usipotee bure.

Wakati tunasubiri watu wakae, kijana mmoja wa mstari wa tatu amenionyesha simu yake. Ana ujumbe wa vyuo vitatu. Chuo cha kwanza kinampongeza kwa kuchaguliwa, cha pili kinamkumbusha athibitishe mapema, na cha tatu kinamwambia nafasi zinakaribia kwisha. Ameniuliza, "Mwalimu, nichukue kipi?" Nimemwambia akae, kwa sababu jibu langu ni refu, na linamhusu pia mama yake aliyekaa pembeni yake.

Miaka ya zamani swali hili halikuwepo. Kuanzia 2010 maombi yote yalipita kwenye mfumo mmoja wa pamoja chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, na mfumo ndio uliokupangia, chuo kimoja, basi. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 mnaomba moja kwa moja chuoni, na mtu mwenye alama nzuri anaweza kuchaguliwa vyuo viwili, vitatu, hata vitano. Tume inatangaza majina ya waliochaguliwa zaidi ya chuo kimoja, kisha kila mmoja anatumiwa namba maalum ya siri kwenye simu au barua pepe aliyojazia maombi. Kwa namba hiyo unathibitisha chuo kimoja, na nafasi zako kwingine zinaachwa kwa wenzako. Siku zikipita hujathibitisha, unapoteza.

Hapo naomba nisimame kidogo, maana kila mwaka kuna mtoto analia kwa jambo hili. Wangapi mlijaza maombi yenu steshenari? Naona mikono mingi. Sasa fikirini vizuri: namba ya simu iliyojazwa pale ni ya nani? Mwaka juzi alikuja kwangu binti ambaye hakuwa na simu wakati wa kuomba, na kijana aliyemjazia aliweka namba yake mwenyewe ili kazi iende haraka. Namba ya siri ilipotumwa, ilifika kwa yule kijana, naye alishahamia mji mwingine na laini ameitupa. Tulihangaika siku nne. Tulifanikiwa saa chache kabla ya dirisha kufungwa, lakini siku zile nne mama yake hakulala. Kama namba uliyojaza si yako, lishughulikie leo, usingoje kesho. Na namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa anatoka chuoni. Wapo watu wanaothibitisha kwa niaba ya watoto, halafu mtoto anajikuta amefungwa mahali ambapo hakupachagua.

Sasa tuingie kwenye kuchagua.

Nina jambo moja tu la kuwaambia leo: chagua chuo utakachokimaliza. Nikisema hivyo watu hudhani nazungumzia akili, lakini ninyi mmeshafaulu, akili mnazo. Katika miaka niliyokaa ofisi ya taaluma nimewaona wanafunzi wangu wachache sana wakiacha chuo kwa sababu masomo yamewashinda. Wengi wameacha kwa sababu ya fedha, au kwa sababu walichukua kozi wasiyoitaka na moyo ukafa katikati ya njia.

Nitawaambia habari ya nyumbani kwangu. Dada yangu alifariki akaniachia mpwa. Mwaka 2018 alimaliza kidato cha sita, akachaguliwa vyuo viwili. Kimoja cha umma, mkoani, ambacho hapa mtaani hakuna anayekisifia. Kingine cha binafsi, Dar es Salaam, chenye majengo ya vioo na jina linalojaza mdomo. Kozi ilikuwa ile ile, uhasibu. Ada ya kile cha binafsi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha umma. Tukakaa kikao cha ukoo. Kila aliyesimama alisema mtoto apelekwe kwenye jina, na mimi mwalimu, ambaye ndiye niliyepaswa kushika kalamu na kupiga hesabu, nilisimama nikasema hivyo hivyo. Nilitaka aliko mama yake aone kwamba mwanawe hatukumtupa.

Mkopo alipata kidogo, sehemu tu ya ada. Tukauza shamba la miti kule Mufindi. Ninyi mnaijua biashara ya mbao kuliko mimi, mnajua maana ya kuuza misindano ya miaka 7. Mnunuzi anakupa bei ya fito. Fedha ile ilitosha mwaka wa kwanza na kipande cha wa pili. Muhula wa nne ulipofika mwisho alikuwa anadaiwa, na chuo kilikuwa na utaratibu wake: asiyemaliza ada haingii kwenye mtihani. Alinipigia simu akiwa nje ya ukumbi, wenzake wako ndani wanafanya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Aliniambia, "Mjomba, nipo hapa kwenye ngazi." Hakusema kingine. Nilikuwa na shilingi 40,000 kwenye simu.

Aliahirisha mwaka ili tujipange. Hatukujipanga. Leo anaendesha bajaji, ana mke na mtoto, ni mtu mwema na anajitegemea. Lakini ile barua ya udahili bado ninayo ndani ya faili, na ndiyo sababu ninasimama mbele yenu kila mwaka kipindi kama hiki.

Barua ile ninawashauri wote muisome upya, hasa ukurasa ambao watu hawausomi. Ukurasa wa kwanza unakupongeza. Wa pili una jedwali la malipo. Mstari wa ada mnauona wote, na kwenye simu mnaulizana, "Ada bei gani?" Shukeni chini yake. Kuna usajili, kitambulisho, umoja wa wanafunzi, fedha za tahadhari, mitihani, shilingi 20,000 ya udhibiti ubora inayokwenda Tume, na bima ya afya kwa asiyekuwa nayo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400. Vyuo vingine vina malipo ya maabara, vingine ya mazoezi kwa vitendo. Kila mstari ni mdogo, na ukiijumlisha unakuta jumla nyingine kabisa. Kisha angalieni kama malipo hayo ni ya mara moja au ya kila mwaka. Mpwa wangu na mimi hatukuangalia.

Baada ya hapo chukua karatasi nyingine, uiandike mwenyewe, maana hiyo chuo hakikupi. Ni karatasi ya kuishi. Na hapa lazima tuzungumze kuhusu bumu, yaani fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo.

Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na bila yenyewe nusu ya ukumbi huu isingekuwa inaota chuo. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 fedha ya chakula na malazi imepanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mtaani watoto wanahesabu: elfu kumi kwa siku, nitakula kuku! Sasa tuhesabu pamoja. Fedha hailetwi kila asubuhi, inakuja kwa mikupuo. Tuseme umepata mkupuo wa siku 60, yaani shilingi 600,000. Uko Dar es Salaam, umekosa hosteli, umekwenda Sinza au Mabibo kutafuta chumba. Tuseme umebahatika, chumba ni 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hataki mwezi mmoja, anataka miezi sita. Hiyo ni 480,000. Umebaki na 120,000. Igawe kwa siku 60. Unapata shilingi 2,000 kwa siku, ya chai, ya mchana, ya usiku, ya daladala kwenda na kurudi, ya sabuni na ya bando. Hujanunua godoro. Hujatoa nakala hata moja ya desa, yaani notisi za masomo.

Ndiyo maana watoto wanabebana. Wazazi huenda hamlijui neno hili. Kubebana ni kwamba mwenye kitanda hosteli anamkaribisha mwenzake asiye na kitanda, wanalala wawili kwenye godoro la mmoja, kinyume cha kanuni za hosteli, na ukaguzi ukija mmoja anaruka dirishani na daftari mkononi. Wamesoma hivyo maelfu, na wamemaliza, na ninawaheshimu sana. Lakini kama una barua mbili, na moja inatoka chuo chenye vitanda vya kutosha, usikipuuze kitanda. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kilipangwa tangu mwanzo kuchukua wanafunzi 40,000, na mabweni yalijengwa kwa hesabu hiyo. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nao wameongeza. Hosteli zilizozinduliwa 2017 zilijengwa kwa wanafunzi 3,840, lakini chuo ni kikubwa na jiji ni jiji. Uliza: mwaka wa kwanza ninapata chumba ndani? Na mwaka wa pili je? Swali hili mnaliona dogo. Kwangu lina uzito kuliko picha zote za kwenye kipeperushi.

Kuna ugumu mwingine, na huu haukuletwa na ninyi. Tarehe za kuthibitisha chuo hutangulia. Majina ya mikopo hutoka baadaye, kwa awamu. Kwa hiyo unafunga ndoa na chuo kabla hujajua mahari inatoka wapi. Ufanyeje? Piga hesabu mara tatu. Mara ya kwanza, kama umepata mkopo wote. Mara ya pili, kama umepata nusu ya ada na fedha ya kujikimu. Mara ya tatu, kama hukupata kitu. Kila mara andika pengo, yaani kile ambacho nyumbani lazima kitoke. Kisha mpe mzazi ile karatasi ya tatu, umwache nayo usiku mmoja. Usimkazie macho, mzazi akikazwa macho atasema "tutaweza", kwa sababu anakupenda. Mwache aiangalie peke yake. Asubuhi atakwambia kweli.

Na usijidanganye kwamba kwa kuwa umechagua chuo cha ada kubwa basi Bodi nayo itapanda na wewe. Soma kiwango ulichopangiwa, kilinganishe na ada ya barua yako, uone kilichobaki.

Halafu kumbukeni kwamba mkopo ni mkopo. Tangu sheria ilipobadilishwa 2016, mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa inawatesa kaka zenu iliondolewa 2021, tunashukuru, lakini deni lenyewe liko pale pale. Tuseme umesoma ualimu miaka mitatu kwa mkopo kamili, ada 1,300,000, kujikimu 2,400,000, vitabu 200,000. Kwa mwaka ni 3,900,000, kwa miaka mitatu 11,700,000. Ukianza kazi kwa mshahara wa 800,000 unakatwa 120,000 kila mwezi. Utamaliza baada ya zaidi ya miaka minane. Siwaambii ili mwogope. Mimi ningekopa, na ningewakopea wanangu. Nawaambia kwa sababu kila shilingi unayoongeza kwa ajili ya jina la chuo inakwenda kukaa mwisho wa miaka hiyo minane.

Sasa jina.

Nisije nikaeleweka kwamba nayadharau majina. Mlimani si chuo cha kuchezea. Kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kama tawi la Chuo Kikuu cha London, kikiwa na sheria peke yake, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo wa kwanza. Museveni alisoma pale, Kikwete alisoma pale, Magufuli alisoma pale. Maktaba mpya iliyofunguliwa 2018 inachukua wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Mtoto wa Kilolo akiingia mle mara ya kwanza anapunguza sauti mwenyewe, hakuna anayemwambia. Kitu hicho kina thamani, na anayekwambia majina hayana maana yoyote hajawahi kukaa kwenye chumba cha watu waliomzidi akajikuta anasoma kwa bidii kuliko alivyodhani anaweza.

Ninachotaka ni mjue jina linanunua nini na halinunui nini. Linanunua wenzako, maktaba, walimu waliobobea kwenye baadhi ya fani, na mji wenye nafasi za mazoezi kwa vitendo. Ajira hainunuliwi na jina kama mnavyodhani. Fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira, usome sifa za mwombaji. Limeandikwa shahada ya fani fulani kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali. Halikutaja mlima wala bonde. Mnakwenda kwenye usaili wa kuandika, karatasi ile ile kwa aliyetoka Mlimani, Mzumbe, Mbeya na Mwanza. Anayetaka kuwa mhasibu mwenye CPA, ile hati ya taaluma ya uhasibu, atakutana na mitihani ya bodi, ambayo haiulizi ulikotoka. Anayetaka kuwa wakili atapita Shule ya Sheria baada ya shahada, awe ametoka chuo chochote, na huo ni muda mwingine na ada nyingine ambavyo nimeona familia chache sana wakiviweka kwenye hesabu tangu mwanzo.

Rais wetu Samia Suluhu Hassan alihitimu stashahada ya juu ya utawala wa umma mwaka 1986 katika chuo kilichokuwa kinaitwa IDM, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, pale Mzumbe, Morogoro. Wakati ule hakikuwa hata chuo kikuu. Sasa ni Chuo Kikuu Mzumbe, na watu wanakigombania. Majina yenyewe yanapanda na kushuka, na wanaoyapandisha ni waliosoma pale wakafanya kazi.

Na kuna jambo ambalo ninyi watu wa Iringa mnalikalia bila kulijua. Kila mwaka ninaona mtoto wa Kihesa aliyechaguliwa ualimu Mkwawa anasikitika, anasema amekosa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanangu, Mkwawa ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, sawa na kile cha Chang'ombe. Cheti utakachopewa siku ya mahafali ni cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Unalilia jina ambalo tayari liko mkononi mwako, umbali wa bajaji moja kutoka kwenu.

Lililo zito kuliko jina ni kozi. Hapa kwetu huchaguliwi chuo tu, unachaguliwa chuo na kozi. Barua mbili zikiwa na kozi mbili tofauti, usianze na chuo, anza na kozi. Nimeona kijana wa CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, ambaye tangu kidato cha tatu alikuwa na kitalu cha miche nyuma ya bweni, mikono yake haikuwahi kukosa udongo. Akachaguliwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kozi ya misitu. Akachaguliwa pia chuo kingine Dar es Salaam, kozi aliyoijaza kama chaguo la mwisho ili nafasi isibaki wazi, na ambayo hakuweza kunieleza inahusu nini. Ndugu zake walitaka Dar es Salaam. Nilimuuliza swali moja: mwaka wa pili, mwezi wa pili, siku ya Jumanne, bumu limekwisha tangu wiki iliyopita, kesho kuna testi, umeme umekatika. Ni daftari la kozi gani utakalolishika na tochi ya simu bila kulazimishwa? Hakunijibu, alianza kucheka. Leo yuko kwenye mashamba ya miti Sao Hill, na akinipigia simu ananieleza habari za miche mpaka salio linakwisha.

Kwa hiyo kabla ya kuthibitisha, itafute orodha ya masomo ya kozi hiyo, mwaka kwa mwaka. Ipo kwenye tovuti ya chuo au kwenye kitabu chao cha mwongozo. Isome kama unavyosoma menyu ukiwa na njaa. Ukiona nusu yake hutaki hata kuonja, hiyo si kozi yako, hata ikiwa na jina tamu.

Na kabla ya hapo, hakikisha chuo chenyewe na kozi yenyewe vimo kwenye mwongozo wa udahili wa Tume. Mwaka 2016 tuliona matawi ya chuo binafsi yakifungwa na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine, wengine wakiwa katikati ya masomo. Kuhamishwa si kubadilisha basi tu. Masomo uliyosoma yanalinganishwa upya, na mkopo nao lazima ukufuate, na wakati karatasi zinatembea tumbo halisubiri.

Sasa nije kwenye habari ya binti mmoja, kwa sababu ilinifundisha mimi niliyedhani nimeshajua. Alikuwa wa hapa hapa, mama yake ana genge la mboga na nyanya za Ilula. Alichaguliwa ualimu wa sayansi Mkwawa, na ualimu wa sayansi Dodoma. Kozi moja, ada za umma zote mbili, hazikupishana sana. Nikakaa naye na karatasi. Mkwawa analala kwao, anakula kwao, kodi hakuna. Dodoma kuna nauli ya kupita Mtera, godoro, sufuria, chakula cha kununua. Kwa hesabu zangu Mkwawa ilishinda kwa mbali, na ilikuwa na lile jina juu yake. Nikafunga kalamu.

Mama yake alikuwa amekaa kimya kwenye benchi muda wote, mikono iko kwenye kanga. Akasema, "Mwalimu, hesabu yako ni nzuri, lakini hujaniuliza huyu mtoto anarudi nyumbani saa ngapi." Nikamuuliza. Akaniambia binti akitoka shule huwa anakuja genge, wanafunga saa tatu usiku, wanarudi anapika, anawaogesha wadogo zake wawili, na anafungua kitabu watu wote wakiwa wamelala. "Akiwa hapa nitamwita," alisema. "Sitaki kumwita, lakini nitamwita. Mpeleke mbali na mimi."

Nimefundisha miaka mingi, lakini siku ile nilifundishwa. Kwenye karatasi yangu sikuwa na mstari wa saa. Nilihesabu shilingi tu. Yule mama alijua bei ya kitu ambacho mimi sikukiweka kwenye jedwali. Binti akaenda Dodoma. Mkopo haukuwa kamili, pengo lilikuwepo, na mama aliliziba kwa kuuza nyanya peke yake mpaka usiku, bila msaidizi. Binti alimaliza. Sasa anafundisha fizikia, na mdogo wake wa kwanza yuko kidato cha tano.

Kwa mtoto mwingine ningesema baki nyumbani, na ningekuwa sahihi. Ndiyo maana siwezi kusimama hapa nikawaambia wote nendeni chuo fulani. Kinachomfaa mtoto kinajulikana na watu wanaomwona jioni.

Wazazi, naomba niseme nanyi kidogo, kwa heshima. Mtoto akikuambia anataka chuo ambacho jirani hakijui, usimwulize "hicho nacho ni chuo?" mbele ya watu. Swali hilo limewapeleka watoto wengi mahali wasikokuwa na uwezo wa kukaa. Jirani atapongeza siku moja, kwenye soda ya kumuaga. Ada ya muhula wa pili hataileta. Na baba, kama fedha hazipo, sema hazipo. Mtoto wa miaka 19 anaweza kulibeba neno hilo. Asichoweza kukibeba ni kulisikia akiwa amekaa kwenye ngazi nje ya ukumbi wa mtihani.

Kwa wale mliochaguliwa chuo kimoja tu, na najua mpo na mnajiona kama mmeachwa nyuma kwenye mazungumzo haya: hesabu ni zile zile, karatasi ni ile ile. Kama pengo ni kubwa, kuna rufaa ya mkopo majina yakitoka, na nyaraka za rufaa zinaandaliwa sasa. Vyeti vya vifo vya wazazi vihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kaya zilizo kwenye TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, zitafute namba zao. Chuo Kikuu Huria nacho kipo, unaweza kusoma ukiwa kazini. Na anayehisi hayuko tayari mwaka huu aje tuzungumze bila aibu.

Pale nyuma kuna meza nne. Walimu watatu wamejitolea, na mimi nitakaa meza ya mwisho karibu na mlango. Tuna karatasi, tuna kalamu, tuna vikokotoo vya maabara tulivyoazima. Aliye na barua zaidi ya moja aje na barua zote, siyo ile anayoipenda tu. Aje na mzazi au mlezi wake. Aje na simu yenye laini aliyojazia maombi, na kama laini hiyo si yake, hao waanze kwanza, kabla ya wengine wote, kwa sababu dirisha linafungwa wiki ijayo. Wewe wa mstari wa tatu mwenye meseji tatu, na mama yako, njooni meza yangu.